Kona Isiyokuwa Yake

Bondia aliogopa sindano. Watu wa mtaa wetu wa Msamala hawakulijua hilo, kwa sababu mimi na mkewe tulilificha. Wanaume wazima walimpisha njia sokoni, na wasingeamini kwamba mtu huyohuyo, siku alipokanyaga msumari kwenye ghala la mahindi alikokuwa akibeba magunia, alikaa nje ya chumba cha sindano akivuja jasho, kisha akaninong'oneza, "Fundi, ingia wewe kwanza uone kama yule dada ana mkono mwepesi." Niliingia, nikatoka, nikasema mwepesi. Zamu yake ilipofika alining'ang'ania mkono akafumba macho, na nesi alicheka mpaka akalazimika kuiweka sindano chini kwanza.

Kuchinja kuku pia hakuweza. Kila Krismasi alimpelekea jirani kuku wake, yeye akajifungia ndani na redio mpaka shughuli iishe. Lakini alipoletewa sahani alikula kuliko sisi sote.

Ninaanza na haya kwa sababu wanaomkumbuka wengi wanamkumbuka kwa mambo mawili tu, jinsi alivyokuwa akipiga na jinsi alivyoaibika siku ya mwisho. Katikati alikuwepo mtu. Nilikaa naye jirani miaka kumi na minne, na kumi na miwili kati ya hiyo nilisimama kwenye kona yake ulingoni nikiwa na ndoo ya maji na taulo begani.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo Msamala, kando ya barabara, na ndicho kilichotukutanisha. Alikuja mchana mmoja na buti la ngumi ambalo soli yake ilikuwa imeachama, pambano lake likiwa jioni ileile. Nilimwambia gundi haitakauka. Akasema, "Basi shona." Nikashona, yeye amekaa kwenye benchi langu mguu mmoja peku, anakula matunda ya masuku kutoka mfukoni na kutema mbegu barabarani. Nilipomaliza akalivaa, akaruka mara mbili tatu, akauliza kama nina shughuli jioni. Mtu wake wa kona alikuwa kwenye msiba Mbinga. "Kazi yenyewe ndogo," alisema. "Nikikaa, unanipa maji. Nikichanika, unabana pamba. Nikisema kitu, usinijibu."

Jioni hiyo alimwangusha mtu wa Mbeya raundi ya pili. Nikaenda kwa siku moja, nikakaa miaka kumi na miwili.

Jina lake la ubatizo nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mkewe alimwita Bondia: "Bondia, maji ya kuoga yamechemka." Katekista alimwita Bondia. Hata binti yake, alipoanza kusema, neno la tatu au la nne lilikuwa hilo, na yeye alifurahi kana kwamba ameitwa baba.

Alfajiri alikimbia mpaka chini ya mlima Matogoro na kurudi, mwezi wa sita ukiwa na baridi yake, amevaa sweta la shule la mtoto fulani ambalo mikono yake ilimfika kwenye viwiko. Akirudi alipita kwangu, hajaoga, anatoa moshi mwilini kama ng'ombe aliyetoka mtoni, na anamsalimia kila mzee shikamoo kwa kusimama kabisa, siyo ile ya kupita. Mchana alibeba magunia. Jioni alipiga gunia la pumba na mchanga alilolitundika kwenye boriti ya ghala hilohilo, mwenye ghala akimruhusu kwa sharti la kufagia. Alifagia vizuri. Bukta yake ya kupigania aliipiga pasi ya mkaa mwenyewe, mistari ikasimama, na ole wako uiguse.

Kanisani aliimba besi. Jumapili baada ya pambano alikuwa pale pale mstari wa nyuma wa kwaya, jicho moja limefumba, mdomo umevimba, na ile sauti inatoka vilevile. Kabla ya kila pambano alikwenda kuungama. Padri aliwahi kumuuliza anatubu nini na watu hawajapigana bado. Akajibu, "Nitakachokifanya jioni, Baba." Bondia mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na alisema Padri alishindwa ampe kitubio gani.

Nje ya ulingo hakupiga mtu. Mlevi mmoja alimzaba kofi kwenye kilabu cha ugimbi, kofi la kweli, lililosikika mpaka kwa wauza nyama. Watu wakageuka kutazama. Bondia akasema, "Samahani, mzee wangu," akachukua kofia yake, akahamia benchi jingine. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumfundisha adabu. "Fundi," akasema, "mimi sipigi mtu bila refa."

Msije mkadhani alikuwa malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa wazi. Tulichezea vizibo vya soda kwenye ubao uliokuwa kibandani kwangu, na ukigeuka tu kumhudumia mteja, kizibo chako kimoja kimepotea. Ukimwambia, anaapa. Ukimfunga, ananuna siku mbili, anapita mbele ya kibanda akiangalia upande wa pili kama mke mkubwa. Mtu aliyeweza kuvumilia kofi la mlevi hakuweza kuvumilia kufungwa drafti na fundi viatu.

Kushindwa ndicho kitu alichokuwa hakijui. Alishindwa mara chache, ni kweli, lakini kila mara kulikuwa na maelezo: waamuzi wa ugenini, homa, ulingo uliolegea. Kuhusu mchezo wenyewe alipenda kusema kwamba mkono wa kushoto unauliza na wa kulia unajibu. Alisema hivyo kwenye redio ya hapa mjini, na kwa mwezi mzima waendesha bodaboda walikuwa wakisalimiana kwa maneno hayo. Alipotoka Dar es Salaam na mkanda wa ubingwa, walimpokea stendi, pikipiki zaidi ya nilizoweza kuona, honi mpaka Msamala. Mimi nilikuwa nimepakiwa kwenye ya pili, nimeshika ndoo.

Sasa nieleze habari ya taulo, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Mtu wa kona ana taulo, na taulo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumfuta bondia. Ya pili ni kurushwa ulingoni, na likirushwa, refa anasimamisha pambano, mtu wako ameshindwa. Mtu wa kona wa zamani zaidi, aliyemtangulia hata yule wa msiba wa Mbinga, aliwahi kulirusha huko Njombe alipoona damu inamwingia Bondia machoni. Bondia hakusema naye tena. Mimi nilimkuta ameshaanza kazi yake ya kuuza mitumba, na kila tulipopita mbele ya meza yake, Bondia alinyoosha shingo kama hapaoni. Wiki yangu ya kwanza aliniweka chini akaniambia, "Wewe ni mtu mzuri. Lakini siku utakayorusha taulo, usije kwangu tena. Hata nikifa, msibani usije."

Nilimwambia nimesikia. Na nilisikia kweli.

Dalili zilianza miaka miwili kabla ya mwisho. Siku moja alikuwa akinimiminia chai nyumbani kwake, na chai ikawa inamwagika mezani pembeni ya kikombe. Aliimwaga polepole, kwa uangalifu, huku akinitazama na kuongea. Mkewe alimshika mkono. Siku nyingine alikuja kibandani kunisimulia jinsi alivyokutana na mtu wa Mbeya aliyewahi kupigana naye, akaondoka, na kabla sijamaliza kushona kandambili ya mteja akarudi, akakaa, akanisimulia upya kwa maneno yaleyale, akacheka palepale alipocheka mwanzo. Nikacheka naye. Mara moja nilimwona anapita mbele ya nyumba yake, anaendelea mpaka mwisho wa mtaa, anasimama, anageuka, anakuja tena huku amejitia kufunga kamba za viatu.

Mkewe alinijia kibandani. Alikuwa mwanamke mpole, muuza mbogamboga, na siku hiyo hakuwa na kiatu chochote cha kushona.

"Shemeji," alisema, "mwambie aache. Mimi hanisikii. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia baada ya hili pambano," nikasema.

Alikuja tena baada ya hilo. Nikasema baada ya linalofuata. Alikuja mara ya tatu. Hakuna ya nne, hakuja tena.

Nimejiuliza kwa nini sikumwambia. Niliitwa Fundi wa Bondia. Watu walikuwa wakitoka Bombambili kuja kushonesha kwangu, wakati huko kwao mafundi wapo, ili tu wakae kwenye benchi alilokalia yeye na kuuliza habari zake. Nilipokuwa nikiingia ukumbini na ndoo, nilitembea nyuma yake, na zile kelele zote zilipokuwa zikimwangukia na mimi zilinigusa. Mtu akizoea hilo hawezi kusema mapema kwamba liishe.

Pambano la mwisho lilikuwa Jumapili alasiri, hapa hapa mjini. Mpinzani aliyetangazwa hakutokea, na promota akahangaika tangu asubuhi kutafuta mwingine. Akampata kijana wa Tunduru aliyekuja kupigana raundi chache za mwanzo, za kuwachangamsha watu. Mjomba wake aliyemsindikiza, mkulima wa korosho mwenye kofia ya kufuma, alikataa kwanza. Alisema mtoto wake hajafikia watu kama hawa. Promota akamwambia ni heshima tu kwa mtoto, atacheza raundi mbili, ataangushwa vizuri, arudi nyumbani na sifa. Ukumbini watu walinung'unika, kisha wakacheka, kisha wakakaa kutazama Bondia atamaliza mapema kiasi gani.

Walipoitwa katikati kugusana glavu, yule kijana aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo."

Sikuwahi kusikia kitu kama hicho ulingoni. Watu wa mbele walipasuka kicheko. Bondia alitazama pembeni, akatazama glavu zake, halafu akajibu, "Marahaba." Nadhani hakuna ngumi aliyopigwa siku hiyo iliyompata kama salamu ile, maana kijana hakuwa anamkejeli. Alimsalimia kama alivyofunzwa kwao amsalimie mtu mzima.

Raundi ya kwanza walinusana. Ya pili Bondia alirusha mkono wake wa kulia, ule wa kujibu, na kijana hakuwepo pale. Akarusha tena, hakuwepo. Raundi ya tatu kijana akagundua alichogundua, kwamba Bondia haoni mkono unaotoka upande wa kushoto. Akaanza kupiga kutoka huko, moja moja, bila haraka, na kila moja ilifika.

Katikati ya raundi hiyo, Bondia akiwa amemkumbatia kijana ili apumue, alinitazama juu ya bega la mwenzake. Alinitazama moja kwa moja, kwa muda. Nilidhani anauliza zimebaki sekunde ngapi. Nikamwonyesha vidole.

Alipokuja kukaa nilimwuliza, "Vipi?" Akasema, "Poa." Nikampa maji, nikabana pamba kwenye nyusi.

Ya nne alinitazama tena, na ya tano. Taulo lilikuwa begani kwangu. Watu walikuwa wameacha kucheka, sasa walikuwa wakipiga kelele, na nyingine zilikuwa za kumshangilia kijana. Ukumbi wetu wenyewe. Niliona mkewe amesimama karibu na mlango na kitenge mdomoni. Alinitazama na yeye. Nikageuza macho.

Raundi ya sita aliangushwa. Akaamka refa alipohesabu nane, akampa refa glavu azifute, akasema yuko sawa. Kengele ikalia punde tu. Nilishaweka kigoda, nikamnyooshea mkono. Yeye akageuka, akatembea kwa hatua imara kabisa, kifua mbele, akaenda kukaa kwenye kona ya yule kijana.

Alikaa kwenye kigoda cha mwenzake. Akafungua mdomo asubiri maji.

Kwa dakika hiyo moja sijui nilikuwa wapi. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama mvua ya kwenye bati. Watu walilia kwa kucheka. Kijana alikuwa amesimama mbele ya kigoda chake hajui akae wapi. Yule mjomba wa kofia ya kufuma hakucheka. Aliinama, akamwekea Bondia chupa mdomoni, akamnywesha, akamfuta uso kwa taulo lao, kisha akamwonyesha kwa mkono na kumwambia kitu. Watu waliokuwa karibu walisema alimwambia, "Kaka, kwenu ni kule."

Alivuka ulingo kuja kwangu. Hakukaa. Kengele ya raundi ya saba ikalia, akageuka kwenda, na mimi ndipo niliporusha taulo. Lilimpita miguuni. Refa akapunga mikono. Watu wakazomea na chupa za maji zikaruka, moja ilinipata sikioni. Bondia aliokota taulo, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya kamba, akashuka.

Kesho yake asubuhi, nikiwa ndiyo nafungua kibanda, alikuja na mfuko wa salfeti. Ndani kulikuwa na glavu, buti, bukta iliyopigwa pasi, na ule mkanda wa Dar. Akauweka kwenye benchi.

"Gawa," akasema.

"Bondia, kaa kwanza tuongee."

"Gawa, Fundi."

Akaondoka. Na mimi, nikijua sharti lake, sikumfuata.

Mji ulijipa sababu zake. Wengine walisema Tunduru wamemroga, kwamba mtu hawezi kukaa kona ya adui yake bila kuitwa na kitu. Wengine wakasema aliuza pambano, ingawa hakuna aliyeeleza kwa nini muuza pambano ajiaibishe vile. Wapo waliosema pombe, na hakuwa mnywaji. Lakini wengi walisema fundi wake alimsaliti, alirusha taulo wakati mtu amesimama kwa miguu yake, na bingwa akavunjika moyo. Hiyo ndiyo niliyoiamini. Promota alimfuata mara kadhaa na habari ya marudiano, akasema watu watajaa mpaka juu ya miti. Bondia alimjibu mlangoni, bila kumkaribisha ndani, "Bondia hayupo." Akafunga.

Aliendelea kubeba magunia mpaka alipoanza kuyapakia kwenye gari ambalo siyo. Mwenye ghala akamwambia apumzike. Kwaya alikwenda muda kidogo, kisha akawa anaimba wimbo uliokwisha wakati wenzake wako kwenye mwingine, na kwa sauti ile hapakuwa na namna ya kuficha. Akaacha mwenyewe. Daktari mmoja alimwambia mkewe, kwa maneno ya kawaida, kwamba kichwa kimepigwa kupita kiasi na kwamba hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Mkewe alivumilia zaidi ya ambavyo watu wanampa sifa. Lakini Bondia aliacha jiko linawaka karibu na pazia, na mara mbili aliamka mchana usingizini akamsukuma binti yake ukutani, hajui ni nani. Mara ya pili mtoto aliumia mkono. Mama akamchukua wakaenda kwao Madaba. Dada yake Bondia akaja kutoka Mpitimbi, akafunga vitu kwenye mashuka mawili, akamchukua kaka yake.

Hayo yote niliyatazama kutoka kibandani, hatua themanini hivi kutoka mlangoni kwake. Siku wanaondoka nilisimama. Aliponipita ndani ya gari la mizigo nilipunga mkono. Alikuwa akiangalia mbele.

Glavu sikuzigawa.

Mwaka huu, wakati wa mavuno, niliamua kwenda. Sikuwa na sababu ya pekee. Nilikuwa nimeumwa, na mtu akilala muda mrefu anahesabu watu wake. Nilichukua bodaboda mpaka Mpitimbi, nikauliza kwa dada yake, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, anapukuchua mahindi. Amekonda usoni lakini mikono ni ileile. Alikuwa akilishika gunzi mara moja tu na punje zinamwagika zote.

Nilimsalimia. Akaniangalia muda, nami nikajiandaa kujitambulisha.

"Fundi," akasema. "Umezeeka."

Dada yake alituletea togwa akaenda jikoni. Nikachukua hindi nikawa napukuchua na mimi, taratibu, maana vidole vyangu vimezoea sindano. Tuliongea habari za mvua, za nani amekufa Msamala. Wakati mwingine alipotea katikati ya sentensi nami nikamsubiri. Mwisho nikasema nililokuja nalo.

"Bondia, nisamehe lile taulo."

Hakuacha kupukuchua. "Taulo gani?"

"La siku ile. Na kijana wa Tunduru. Ulikuwa umesimama kwa miguu yako. Ningekuacha umalize."

Akaweka gunzi chini. Nilimwona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku, halafu yakatulia, na sauti yake ikawa ya zamani kabisa, ya besi.

"Nilikuangalia raundi ya tatu."

"Uliniangalia. Nilidhani unauliza muda."

"Nilikuwa nakuomba."

Sikuelewa. Au nilielewa nikataka asirudie. "Unaniomba nini?"

"Urushe. Nilikuangalia ya tatu, nikakuangalia ya nne. Nikasema Fundi ataona. Jicho hili lilikuwa limeshazima, Fundi, tangu muda mrefu, nilikuwa nasikia ngumi ndiyo najua imetoka wapi. Nikasema huyu ananijua, ataona."

"Mbona uliniambia nikirusha nisije kwako? Hata msibani?"

"Ulitaka nikuambieje?" akasema. "Si nilikuwa bondia."

Kuku walikuwa wakidonoa punje zilizoruka nje ya mkeka. Aliwafukuza kwa mkono, kwa upole. Nikamwuliza kama ndiyo maana aliacha, kwa sababu yangu. Akatikisa kichwa.

"Kupigwa nimepigwa sana. Siyo kupigwa." Akafikiri. "Nilipokwenda kukaa kule, yule mzee alininywesha maji. Akanifuta. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Nikasema moyoni, ahaa, nimefika, hapa ndiyo kwangu. Nilifurahi, Fundi. Halafu nikasikia watu wanacheka, nikawa nacheka na mimi, sijui wanamcheka nani." Akapangusa pumba kwenye paja. "Mtu wa hivyo utampeleka wapi tena?"

Yeye akaendelea, bila hasira, kama anayetoa maelekezo ya kazi.

"Usije tena. Hapa mimi ni kaka yake dada. Napukuchua mahindi, nakula, nalala. Ukija wewe nakuwa bondia, na nikishakuwa bondia nakumbuka vile vicheko. Ukiondoka wanaendelea kucheka mpaka jioni. Usije."

"Sawa," nikasema.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akarudi kwenye mahindi. Nilikaa kidogo, nikamuaga, akaitikia bila kuinua kichwa, na sikujua kama bado alikuwa anajua ni nani aliyemuaga.

Dada yake alinisindikiza mpaka barabarani kwenye bodaboda. Alinishukuru sana. Alisema siku nyingi walikuwa hawajapata mgeni, kwamba watu wa mjini wote wamemsahau.

"Amesema nisije tena," nikamwambia.

Alishangaa. "Yeye? Kila siku asubuhi, kaka yangu, kabla hata hajanawa, ananiuliza kama fundi amekuja. Namwambia bado. Anasema, basi atakuja. Mimi nilidhani anasubiri fundi wa kuezeka."

Dereva aliwasha pikipiki. Nikapanda. Nilimwambia dada kwamba nitafikiri, akasema karibu wakati wowote, mlango uko wazi.

Hiyo ilikuwa wakati wa mavuno. Sasa watu wanapanda tena, mvua zimeshika, na njia ya Mpitimbi bado inapitika. Sijaenda.